Kabati la Vyombo Lililochakaa: Tusiharakishe Kulitupa

Hebu lisogelee kabati lako la vyombo ulitazame vizuri. Kwa wengi wetu kabati hilo lilinunuliwa zamani, pengine na baba au hata na babu. Sasa rangi imebabuka. Mlango mmoja umelegea, ukiufungua unakwaruza. Juu pamejaa masizi ya kuni na mafuta ya kupikia. Wageni wakija, mama mwenye nyumba anaona haya, analifunika kitambaa.

Mavuno yakishauzwa, watu wengi huwaza jambo moja tu: kununua kabati jipya. Madukani mjini yapo, tena yanang'aa. Lakini kabla hujatoa fedha, jiulize swali hili: Kilichochakaa ni nini hasa? Ni kabati lenyewe au ni sura yake tu?

Kabati lina sehemu mbili. Kuna sanduku, yaani miguu, pande, mgongo na rafu. Halafu kuna sura, yaani milango, mbao za mbele, vishikizo na rangi. Sura ndiyo inayochakaa upesi, kwa sababu ndiyo inayoshikwa na mikono yenye mafuta, ndiyo inayopigwa na moshi na jua. Sanduku linaweza kuwa zima kabisa huku sura ikiwa mbovu. Mtu anayetupa kabati zima kwa sababu ya sura ni kama mtu anayebomoa nyumba kwa sababu chokaa imebanduka.

ANGALIA NI MBAO GANI

Makabati mengi ya zamani katika nchi yetu yalitengenezwa kwa mbao ngumu: mninga, mvule, mkulo, au msaji. Mbao hizo siku hizi ni ghali na ni adimu. Mninga hukua polepole sana. Mara nyingi miaka 80 hupita kabla mti haujafikia unene wa kupasuliwa mbao. Maana yake ni kwamba mninga uliomo katika kabati la babu yako ulikuwa mti msituni kabla babu mwenyewe hajazaliwa.

Makabati mapya ya bei nafuu si ya mbao hizo. Mengine ni ya paini, ile miti inayopandwa kwa wingi Sao Hill, wilaya ya Mufindi. Paini si mbaya kama imekaushwa vizuri, ila ni laini, na wadudu na mchwa huipenda. Mengine si ya mbao za kupasua kabisa. Ni chenga za mbao zilizochanganywa na gundi, zikagandamizwa, kisha juu zikabandikwa karatasi ngumu yenye picha ya mbao. Ukilitazama dukani utasema ni mninga. Likiingia maji miguuni linavimba kama andazi kwenye chai, na halirudi tena. Skrubu za bawaba zikichomoka, tundu halishiki tena. Sisemi kwamba watu wasiyanunue. Nasema mtu ajue anachonunua.

Mama mmoja alitaka kulipasua kabati lake liwe kuni. Akamwita fundi amtengenezee jingine.

"Shikamoo, mama," fundi akaanza.

"Marahaba, baba. Hili limekwisha. Nataka jipya."

Fundi akainama, akakwangua kidogo kwa kisu chini ya rafu, mahali ambapo rangi haikufika. Akapaka maji kwa kidole. Ubao ukajitokeza wa rangi ya kahawia iliyoiva.

"Mama, huu ni mninga. Kwa fedha uliyo nayo, jipya nitakutengenezea kwa paini. Utakuwa umetoa ng'ombe, umepokea mbuzi."

"Sasa na huu ubaya wote?"

"Huo ubaya ni wa juu tu, mama. Ndani lipo zima."

Nawe fanya hivyo hivyo. Kwangua kidogo mahali pa siri pasipo na rangi. Kisha chukua msumari, dunga miguu, pembe na mgongo. Msumari ukigoma, mbao ni nzima. Ukizama kama kwenye muhogo uliooza, hapo pameharibika. Angalia pia kama kuna vitundu vidogo na unga laini chini yake. Fagia unga huo, ngoja wiki moja, uangalie tena. Ukiona unga mpya, wadudu bado wamo ndani wanakula. Mara nyingi wadudu hao hukaa katika ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, sio katika kiini. Mwambie fundi aikate sehemu hiyo, aichome moto, aweke ubao mwingine. Kama ni miguu tu iliyoliwa, ikatwe chini, iungwe mingine. Lakini kama pande, mgongo na rafu zote zimeliwa, hapo usipoteze fedha yako. Kabati hilo limekufa kweli.

RANGI YA ZAMANI INAWEZA KUWA SUMU

Jambo hili nataka tulisome polepole, maana ndilo kubwa kuliko yote.

Kama kabati lako limepakwa rangi, si vanishi, huenda rangi hiyo ina risasi ndani yake. Risasi ninayosema ni yale madini mazito yanayotumika kutengenezea risasi za bunduki na betri za gari. Viwanda viliyatia katika rangi za mafuta ili rangi ing'ae, ikauke upesi na idumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa nyumba mwaka 1978. Katika nchi nyingi za Afrika ziliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo hata kabati lililopakwa rangi baada ya mwaka huo linaweza kuwa nayo. Rangi za njano, nyekundu na kijani ndizo za kutiliwa shaka zaidi, lakini kwa macho huwezi kujua.

Rangi ikiwa imekaa imara juu ya ubao, madhara yake ni madogo. Hatari inakuja inapobanduka, au mtu anapoipiga msasa ikawa vumbi. Vumbi hilo linaingia puani. Linatua sakafuni, kwenye vyombo, kwenye mikono ya watoto. Mtoto anatambaa, anatia mkono mdomoni, basi amekula. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi inayoingia tumboni mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Linasema pia kwamba hakuna kiasi chochote cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Risasi hupunguza damu mwilini. Huharibu ubongo unaokua. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, hatulii, na mwalimu anamwona mtukutu au mjinga. Wazazi wanaweza kudhani amerogwa au amezaliwa hivyo, kumbe ni vumbi la kabati. Tena ubongo ukishaharibika hivyo hakuna dawa ya kuurudisha. Mama mjamzito akivuta vumbi hilo, linamfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo, rangi yoyote ya zamani usiyoijua, ichukue kama yenye risasi. Fanya hivi:

Kama rangi imeshika vizuri na imepauka tu, usiikwangue. Ioshe, ilowanishe, ipitishe msasa wa maji kidogo tu ili rangi mpya ishike, kisha paka rangi mpya juu yake. Rangi ya zamani itabaki imefungiwa chini.

Kama inabanduka, fanya kazi nje, mbali na kisima, bustani na banda la kuku. Tandika karatasi ya nailoni chini. Lowanisha rangi kwa maji, ikwangue ikiwa mbichi, uilowanishe tena. Usikwangue wala kupiga msasa rangi kavu. Usiichome kwa moto ili ilainike, maana moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Ukimaliza, kunja nailoni pamoja na makapi yake yote, ufukie shimo refu mahali pasipolimwa na pasipo na maji. Oga, na nguo ulizofanyia kazi zifuliwe peke yake. Usipitie kumbeba mtoto kabla hujaoga.

Na unaponunua rangi mpya, uliza duka: je, hii ina risasi? Soma maandishi ya kopo. Hapa ndipo kisomo kinapokufaa. Umoja wa Mataifa unashauri risasi isizidi sehemu 90 katika sehemu milioni 1 za rangi. Yaani katika kilo 1 ya rangi iliyokauka, risasi isizidi miligramu 90. Ukikuta kopo limeandikwa kwamba halina risasi, chagua hilo. Rangi ya kupimwa kwenye chupa ya maji, isiyo na jina wala maandishi, iache hapo hapo, hata kama ni rahisi.

KAZI YENYEWE

Chagua wakati wa kiangazi. Siku za mvua rangi na vanishi hukawia kukauka, nazo hufanya ukungu mweupe.

Toa vyombo vyote. Fungua milango, toa bawaba na vishikizo, tia skrubu zake katika kopo zisipotee. Weka alama ya namba kila mlango na mahali pake: 1 kwa 1, 2 kwa 2. Watu wengi hudharau alama hizi, halafu siku ya kurudisha milango wanabaki wakigombana.

Sasa osha. Masizi na mafuta ya miaka mingi hayaondolewi kwa msasa. Ukipiga msasa juu ya mafuta unayasukuma ndani ya ubao, na hakuna vanishi itakayoshika. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na kitambaa kilichokamuliwa. Usimwage maji, ubao usije ukapinda. Rudia mpaka kitambaa kitoke kisafi, kisha futa kwa maji matupu, uache likauke kivulini siku mbili. Ukilianika juani kali litapasuka.

Baadaye tengeneza viungo. Penye kiungo kilicholegea usipigilie msumari. Msumari hupasua ubao, nacho kiungo kitalegea tena. Kwangua gundi ya zamani, tia gundi nyeupe ya mbao, ubane. Kama huna vibano vya fundi, funga kamba kuzunguka kabati, ingiza kijiti katikati ya kamba, kizungushe mpaka kamba ikaze. Kiache mpaka kesho yake. Tundu la skrubu lililopanuka, lijaze njiti za kiberiti zilizochovywa gundi, ukate zinazotokeza. Ikikauka, skrubu itashika kama mwanzo. Mlango mwingi unaosemwa umeharibika, tatizo lake ni tundu hili tu. Droo inayogoma isugue mshumaa chini, itateleza.

Ukija kwenye msasa, hapa nasema juu ya ubao wa vanishi au mtupu, sio wa rangi ya zamani. Msasa una namba nyuma yake. Namba ndogo ni mkali, namba kubwa ni laini. Anza na namba 80 au 100 penye ubovu, halafu 120, umalize na 180. Sugua kufuata nyuzi za ubao, usikatize. Mkwaruzo wa kukatiza hauonekani wakati unafanya kazi, lakini vanishi ikikaa juu unatokeza wote kama makovu. Funika pua na mdomo kwa kitambaa kizito au barakoa. Vumbi la mvule na mninga huwapa watu wengine pumu, na mvule huwasha ngozi. Mafundi wengi hukohoa uzeeni kwa sababu ya vumbi walilolidharau ujanani.

Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha paka vanishi. Mpako wa kwanza uwe mwepesi: vipimo 4 vya vanishi ya mafuta kwa kipimo 1 cha tapentaini, isipokuwa kama kopo linasema vingine. Kopo la kupimia lisirudi tena kwenye chai! Acha ikauke mpaka kesho yake, pitisha msasa laini kidogo sana, futa, paka mpako wa pili. Mipako 3 myembamba ni bora kuliko 1 mzito. Mzito hutiririka, nao hukauka juu huku chini ukiwa mbichi.

Wakati wa kazi hii usivute sigara, usisogeze koroboi wala jiko. Na vile vitambaa vyenye vanishi ya mafuta usivikunje ukavitupa pembeni. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila mtu kuviwasha. Vitandaze nje vikauke, au vitie katika ndoo ya maji.

KULIVISHA SURA MPYA

Wakati mwingine milango yenyewe imepasuka au imepinda, lakini sanduku ni zima. Hapo huna haja ya kabati jipya. Mwambie fundi alivishe sura mpya: milango mipya, na mbao za mbele zibadilishwe au zifunikwe kwa ubao mwembamba wa plaiwudi uliobandikwa kwa gundi. Sanduku linabaki lile lile.

Angalia mambo mawili. Ubao wa milango uwe mkavu. Ubao mbichi ukikaukia jikoni utapinda, na mlango hautafunga. Tena ule ubao wa katikati ya fremu ya mlango usibanwe kwa gundi wala msumari. Uache ucheze kidogo ndani ya mfereji wake, kwa sababu ubao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Ukiubana, utapasuka. Fundi mzuri anajua hili, lakini si vibaya kumkumbusha. Kwenye rafu za chakula kilichopikwa, mlango unaweza kuwa wa wavu wa waya badala ya ubao. Hewa inapita, nzi hapiti.

TUPIGE HESABU

Bei hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo hesabu hii ni mfano tu. Weka bei za kwenu, upige upya.

Tuseme kabati jipya ni shilingi 350,000. La zamani linahitaji msasa karatasi 6 kwa shilingi 1,000 kila moja, ni 6,000. Gundi 5,000. Bawaba jozi 2 kwa 3,000, ni 6,000. Vanishi lita 1 ni 18,000. Tapentaini 5,000. Brashi 3,000. Jumla ya vitu ni shilingi 43,000. Fundi wa siku mbili kwa 20,000 kila siku ni 40,000. Jumla yote ni 83,000. Toa 83,000 katika 350,000, inabaki 267,000. Na kama kuosha na kupiga msasa mnafanya wenyewe nyumbani, fundi akaja siku moja tu, inaongezeka 20,000 mfukoni.

Milango mipya ikihitajika, gharama itapanda, hasa ukitaka mbao ngumu. Jumla ikianza kukaribia bei ya kabati jipya la mbao nzuri, simama ufikiri tena. Lakini usilinganishe na bei ya kabati la chenga. Hivyo si vitu vya namna moja.

NDANI YA KABATI NA MIGUUNI

Kuna watu hupaka oili chafu ya magari ndani ya kabati ili kuzuia mchwa. Oili hiyo inafaa labda kwa nguzo, haifai kabisa mahali pa sahani na chakula. Ina masalia ya madini na vitu vingine vya sumu. Dawa za kunyunyizia pamba au mahindi nazo zisiingie humo, hata tone. Ndani ya kabati panatosha kuoshwa, kupigwa msasa laini na kupakwa vanishi ile ile. Kisha acha milango wazi mpaka harufu iishe kabisa. Kwa kawaida hupita wiki moja au zaidi. Pua yako ndiyo kipimo: kama bado inanuka, vyombo visubiri.

Usiliegemeze kabati ukutani. Acha nafasi ya kupitisha mkono, uone mchwa wakianza kujenga njia yao ya udongo. Kwa sisimizi, wengi wetu tunaweka miguu ya kabati ndani ya makopo ya maji. Ni njia nzuri, ila mguu ukikaa majini mwaka mzima utaoza. Weka jiwe bapa ndani ya kopo, mguu ukae juu ya jiwe, maji yazunguke jiwe tu. Na maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila wiki, kopo lisuguliwe pembeni, ama sivyo mbu watazaa humo.